Maji ya Mto ni ya Nani?

Katika milima ya Kilimanjaro wazee wa zamani walichimba mifereji mirefu, wakayaongoza maji kutoka makorongo ya msituni mpaka kwenye vihamba vyao vya migomba. Kazi hiyo haikuwa ndogo, maana hawakuwa na vyombo vya kupimia, bali macho yao na ustadi waliorithi kwa baba zao. Ukoo uliochimba mfereji ulipewa heshima yake, na mkubwa wao ndiye aliyegawa zamu: leo fulani, kesho fulani, asubuhi huyu, jioni yule. Walakini jirani aliyekuja nyuma, akaomba zamu, akakubali kutoka na jembe lake siku ya kusafisha mfereji, hakufukuzwa. Na mtu aliyeziba maji usiku ili yageuke kuingia katika shamba lake, huyo alihesabiwa kuwa mwizi, ijapokuwa hakuvunja mlango wa mtu.

Tumeanza na habari hii ya nyumbani kwa sababu twataka kusema juu ya mfereji mwingine, ambao haukuchimbwa na mkono wa mtu, nao ni mto Nile. Huo nao una walio juu na walio chini. Una waliotangulia kuutumia na waliokuja nyuma. Una waliojiandikia zamu na wasiopewa zamu hata moja. Nchi 11 zina sehemu katika bonde lake, na nchi yetu ni mojawapo. Tofauti yake na mfereji wa Kilimanjaro ni hii, kwamba kwa muda mrefu haukuwa na mzee wa kugawa zamu ambaye wote walimkubali.

Swali basi ni hili: maji ya mto upitao katika nchi nyingi ni ya nani? Wapo watakaosema kwamba jambo hilo ni la mabalozi na wanasheria. Sisi twaona kwamba kabla ya kuwa jambo la sheria, ni jambo la haki; na mambo ya haki hayawahusu wakubwa peke yao.

Tena, asiseme mtu wa Songea au wa Kigoma kwamba Nile ni habari ya watu wa mbali. Mto Ruvuma twashirikiana na Msumbiji. Mto Songwe twashirikiana na Malawi. Ziwa Tanganyika lina wenyewe wanne: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Ukizunguka mipaka ya nchi yetu utaona kwamba mara nyingi jirani yetu hutenganishwa nasi kwa maji, na kwa maji hayo hayo huunganishwa nasi. Litakaloamuliwa kuwa haki katika Nile, siku moja litaulizwa katika mito mingine yote.

Hati tatu

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi mambo yalivyokuwa. Tarehe 7 Mei 1929 serikali ya Uingereza na serikali ya Misri zilibadilishana barua. Katika barua hizo Uingereza iliahidi kwamba katika Sudani na katika nchi zilizokuwa chini ya utawala wake, haitajengwa kazi yoyote ya umwagiliaji wala ya umeme katika mto Nile, wala katika matawi yake, wala katika maziwa unakotoka, ikiwa kazi hiyo yaweza kupunguza maji yaendayo Misri au kuyachelewesha, isipokuwa Misri imekubali kwanza. Tanganyika ilikuwa mojawapo ya nchi hizo. Hakuna mzee wa Bukoba wala wa Musoma aliyeulizwa.

Tarehe 8 Novemba 1959 Misri na Sudani ziliandika mapatano mengine. Zilihesabu kwamba maji yafikayo Aswan kwa mwaka ni kadiri ya mita za ujazo bilioni 84. Zikatoa bilioni 10 kwa ajili ya yale yapoteayo kwa jua na kwa mchanga. Yaliyobaki zikagawana, Misri bilioni 55.5 na Sudani bilioni 18.5. Msomaji akijumlisha ataona kwamba hesabu imekwisha sawasawa, halikubaki tone. Na Ethiopia, ambako hutoka sehemu kama 85 katika kila 100 za maji hayo, haikuwekewa kikombe.

Hati ya tatu ni yetu wenyewe. Tulipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa na swali gumu mezani pake. Mtoto akifikia utu uzima, je, alipe deni lililowekwa kwa jina lake na mtu asiyekuwa baba yake? Akisema ndiyo kwa kila deni, amekuwa mtumwa wa sahihi ya mwingine. Akisema hapana kwa kila deni, hakuna jirani atakayemwamini tena. Mwalimu hakuchagua njia yoyote katika hizo mbili. Alitangaza kwamba mapatano ambayo Uingereza ilifanya na nchi mojamoja kwa niaba ya Tanganyika yataendelea kuheshimiwa kwa miaka miwili, ili yazungumzwe upya, na yasipokubaliwa yaishe.

Juu ya Nile serikali yetu ilisema waziwazi zaidi. Tarehe 4 Julai 1962 iliziandikia Uingereza, Misri na Sudani kwamba mapatano ya 1929 hayaifungi Tanganyika. Lakini barua haikuishia hapo. Iliendelea kusema kwamba Tanganyika yatambua umuhimu wa maji hayo kwa watu wote wa bonde, nayo iko tayari kukaa pamoja na wengine kutafuta mgawanyo ulio wa haki. Misri ilijibu mwaka 1963 kwamba mpaka yapatikane mapatano mapya, yale ya zamani yangali na nguvu.

Twaomba msomaji aishike barua hiyo ya 1962 katika kumbukumbu yake, kwa kuwa ina nusu mbili. Nusu ya kwanza yasema: hamwezi kutufunga. Nusu ya pili yasema: wala hatutaki kuwadhuru, njoni tuzungumze. Watu wengi hupenda kuisifu nusu ya kwanza, wakaisahau ya pili. Sisi twaona kwamba nusu ya kwanza bila ya pili ni ujeuri tu, na nusu ya pili bila ya kwanza ni woga.

Neno la waliotangulia

Basi turudi kwenye swali letu. Jibu la kwanza ni la Misri: maji ni ya aliyetangulia kuyatumia. Tusiliharakishe jibu hilo kulitupa. Misri ni nchi ambayo karibu haina mvua. Zaidi ya sehemu 9 katika 10 za maji yake hutoka katika mto huu mmoja. Watu wake wamezidi milioni 100, nao wamejikusanya kandokando ya mto na katika delta yake kama mchwa juu ya gogo, kwa kuwa nje ya hapo ni jangwa. Mkulima wa Misri amelima kwa maji ya Nile tangu zamani ambazo kwetu hazina tarehe. Ukimwambia kwamba maji yaweza kupungua, humtishi juu ya faida yake, wamtisha juu ya mkate wa watoto wake. Mtu wa namna hiyo hakosi haki ya kuogopa, na hofu yake si hila.

Walakini kutangulia ni jambo moja, na kumiliki ni jambo jingine. Aliyefika kwanza kisimani ana haki ya kuteka kwanza. Hana haki ya kukaa juu ya kisima. Sababu ya wengine kuchelewa kuyatumia maji haikuwa kwamba hawakuwa na kiu. Wengine walikuwa chini ya utawala wa kigeni, wengine walikuwa maskini, wengine walikuwa vitani. Kusema kwamba umaskini wa jana ndio uwe mpaka wa haki ya kesho ni kumwadhibu mtu mara mbili kwa kosa ambalo hakulifanya.

Tuchukue mfano wa kwetu. Kahama na Shinyanga ni nchi ya ukame. Miaka nenda miaka rudi akina mama wa huko waliamka alfajiri kwenda kufukua mchanga katika mito mikavu, wapate ndoo moja ya maji yenye tope. Na Ziwa Victoria halikuwa mbali nao hata lishindikane kufikiwa. Mwaka 2009 maji ya ziwa yalifika Shinyanga na Kahama kwa mabomba, na baadaye yakasogezwa mpaka Tabora. Mtu akiisoma hati ya 1929 kwa ukali, ataona kwamba bomba hilo lilipaswa kungoja ruhusa ya Misri. Twauliza: ni dhamiri gani ingeweza kumwambia mama yule angoje, eti kwa kuwa watu wawili waliandikiana barua kabla hajazaliwa? Kumnyima mpita njia maji ya kunywa ni aibu katika kila kabila la nchi hii. Itakuwaje kumnyima mwenye nchi?

Neno la walio juu

Jibu la pili ni la walio juu ya mto: maji ni ya nchi yanakozaliwa. Ethiopia imelisema jibu hilo kwa saruji. Mwezi wa Aprili 2011 ilianza kujenga bwawa kubwa katika Nile ya Buluu, karibu na mpaka wa Sudani, nalo laweza kushika mita za ujazo bilioni 74. Wananchi wake, matajiri na maskini, walinunua hati za mkopo ili kulijenga. Lilianza kujazwa Julai 2020, likafunguliwa rasmi tarehe 9 Septemba 2025. Mashine zake zimeundwa kutoa megawati 5,150. Katika nchi ambayo mamilioni ya nyumba zilikaa gizani, hapana awezaye kuwalaumu watu kwa kutaka taa.

Hata hivyo jibu hili nalo lina ufa wake. Mvua inyeshayo katika nyanda za juu za Ethiopia haikuumbwa hapo. Upepo huleta unyevu kutoka bahari ya Hindi, na unyevu mwingine hupita juu ya misitu ya Kongo kabla ya kufika huko. Kama maji ni ya mahali yanakotoka, basi bahari na Kongo zingedai kwanza. Mlima haumiliki mvua, huipokea, ukaiachia. Na kila aliyepokea bure amewekwa kuwa mlinzi, hakuwekwa kuwa mfalme.

Tena tusidhani kwamba walio juu hawawezi kuwakosea wengine. Kati ya mwaka 2003 na 2006 maji ya Ziwa Victoria yalishuka kwa zaidi ya mita moja. Wavuvi waliona mitumbwi yao imekaa juu ya matope, na miji ya kandokando ilipata taabu ya kuvuta maji. Ukame ulikuwa sababu mojawapo. Lakini wataalamu waliochunguza walisema kwamba sababu nyingine ilikuwa kuachia maji mengi kupita kiasi kwenye mabwawa ya Jinja, huko Uganda, kwa ajili ya umeme. Si kwamba Uganda ilitaka kutudhuru. Ilikuwa na shida ya taa, kama Ethiopia. Lakini shida ya mmoja ilibebwa na watatu, kwa kuwa ziwa ni moja.

Mahali pale pale Jinja pana fundisho jingine. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, mapatano ya wakati huo yaliruhusu mhandisi wa Misri akae hapo, aangalie kiasi cha maji yaachiwayo. Wengine watasema kwamba huo ulikuwa ukoloni, na kwa sehemu ni kweli. Lakini ndani yake limo neno jema: asiye na la kuficha haoni aibu kuangaliwa na jirani yake. Ingefaa mahali pote penye bwawa pawe na macho ya wote, si ya mmoja tu.

Mto Mara watupima

Njia nzuri ya kujua kama neno tulisemalo ni la haki ni kulipima siku tunapokuwa upande wa pili. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Katika Nile sisi tu watu wa juu. Lakini katika mto Mara sisi tu watu wa chini. Mto huo huanza katika msitu wa Mau huko Kenya, ukashuka, ukapita katika mbuga za Maasai Mara na Serengeti, ukaenea katika vinamasi, kisha ukaingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Msitu wa Mau ukikatwa, ni sisi tunaokosa maji wakati wa kiangazi. Kukijengwa mabwawa makubwa juu, ni nyumbu wa Serengeti na wakulima wa bondeni watakaotafuta mahali pa kunywa.

Basi tujiulize kwa moyo mweupe. Ndugu zetu wa Kenya wakitwambia, "Maji yanazaliwa kwetu, tutayafanya tupendavyo," je, tutaitika vema? Hatutaitika. Tutasema kwamba tumeutumia mto huo tangu babu zetu, na kwamba uhai wetu umo ndani yake. Yaani tutasema maneno yale yale ya Misri. Na kama tutayasema siku hiyo, hatuna budi kuyasikiliza leo yakisemwa na mwingine.

Kwa bahati njema Kenya na Tanzania hazikungoja ugomvi. Mwaka 2015 zilitia sahihi makubaliano ya kulitunza bonde la Mara kwa pamoja, na kila tarehe 15 Septemba watu wa pande zote mbili hukutana kuadhimisha siku ya mto huo. Yako mengi yaliyobaki kufanywa, na msitu haupandwi kwa hotuba. Lakini kukutana kabla ya kugombana ni nusu ya amani.

Jibu letu

Sisi basi twasema hivi. Maji ya mto si mali ya aliyetangulia, wala si mali ya aliye juu. Ni amana iliyowekwa mikononi mwa wote ambao mto wawapitia, nao wote wana haki ya kuitumia na wajibu wa kuihifadhi. Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba vitu vya dunia viliumbwa kwa ajili ya watu wote. Na Papa Fransisko alikumbusha mwaka 2015 kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu. Mafundisho hayo hayagawi mita za ujazo, lakini yatuonyesha mahali pa kuanzia hesabu. Kwanza kiu, kisha chakula, kisha faida.

Kutokana na amana hiyo yatoka mambo matatu. La kwanza ni kuambizana kabla ya kutenda. Anayetaka kujenga aseme mapema, aonyeshe hesabu zake, angoje jibu kwa muda wa haki. La pili ni kujizuia na madhara makubwa. Maana hakuna matumizi yasiyomgusa jirani kabisa, lakini kuna tofauti kati ya kumgusa mtu na kumwangusha. La tatu ni kugawana manufaa, si maji tu. Maji yaliyogawanywa hupungua, lakini umeme, samaki, chakula na elimu ya hali ya hewa vyaweza kuongezeka vikifanywa kwa pamoja.

Hili la tatu si ndoto. Katika maporomoko ya Rusumo, kwenye mto Kagera, Rwanda, Burundi na Tanzania zimejenga kituo kimoja cha umeme cha megawati 80, na kila nchi yapata theluthi yake. Mpango huo uliota tangu miaka ya 1970. Shirika la kwanza la Kagera, lililoanzishwa mwaka 1977, lilivunjwa mwaka 2004 kabla halijaujenga. Kati yake vilipita vita na maombolezo ambayo hatuna haja ya kuyasimulia. Lakini wazo halikufa, na leo taa za nchi tatu zawashwa na maji yale yale. Mto ambao mwaka 1994 ulibeba maiti za watu mpaka ziwani umepewa kazi nyingine. Asemaye kwamba mataifa hayawezi kupatana juu ya maji na aende Rusumo akatazame.

Penye fundo

Msomaji mwenye akili atatuuliza: itakuwaje mazungumzo yasipokwisha? Mwenye kiu atangoja mpaka lini? Swali hili ndilo zito kuliko yote, nasi hatutalikimbia.

Tarehe 22 Februari 1999 mawaziri wa nchi za bonde walikutana Dar es Salaam wakaanzisha Ushirikiano wa Bonde la Nile. Wakazungumza miaka mingi, wakaandika mkataba, wakapatana karibu juu ya kila kifungu, wakakwama juu ya maneno machache. Nchi za juu zilitaka kuandikwa kwamba hakuna nchi itakayoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri na Sudani zilitaka kuongeza maneno ya kulinda matumizi na haki zilizopo sasa. Katika maneno hayo machache ilikuwamo historia yote: kwa upande mmoja hofu ya kupoteza, kwa upande wa pili hofu ya kufungwa tena na hati ya 1929 kwa kamba mpya. Mwezi wa Mei 2010, huko Entebbe, nchi za juu zilianza kutia sahihi bila wenzao. Bunge letu liliuridhia mkataba mwaka 2015. Sudani Kusini iliporidhia mwaka 2024, hesabu ya nchi sita ilitimia, na tarehe 13 Oktoba 2024 mkataba ulianza kuwa na nguvu, Misri na Sudani zikiwa nje.

Je, nchi hizo zilitenda haki kuendelea? Twaona kwamba ndiyo. Mazungumzo yasiyo na mwisho ni ruhusa kwa aliyeshiba na katazo kwa mwenye njaa. Mtu akikataa kila neno jipya huku akifaidika na neno la zamani, hawezi kusema kwamba anangoja mapatano. Lakini twaona pia kwamba kuendelea si kumaliza. Mkataba wa Nile usiokuwa na Misri ni kama nyumba iliyoezekwa upande mmoja: mvua itanyesha, na itanyea wote waliomo. Walioendelea wana wajibu wa kuuacha mlango wazi kwa kweli, wala si kwa maneno, na kumsogezea aliye nje kiti kila mwaka hata akikikataa.

Na mahali pa kumsogezea kiti hicho panajulikana. Hofu ya Misri haiko katika miaka ya mvua nyingi, maana miaka hiyo maji huwatosha wote. Hofu iko katika miaka ya ukame. Je, ukame ukifuatana miaka mitatu au minne, bwawa la juu litaachia kiasi gani? Mwaka 2015 Misri, Sudani na Ethiopia zilitia sahihi tamko la misingi huko Khartoum; tangu hapo zilizungumza mara nyingi, na shauri lilifikishwa hata kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Lakini bwawa lilifunguliwa pasipo hati yenye kufunga juu ya jambo hilo moja. Kwa maoni yetu, Ethiopia ingeweza kulitoa neno hilo bila kupoteza heshima yake wala taa yake moja. Na Misri ingeweza kulipokea bila kudai kwamba hati za 1929 na 1959 zirudishwe kutoka kaburini. Mwenye nguvu ya kufungua mlango wa maji ndiye apaswaye kutangulia kusema neno la kutuliza. Huo si unyonge.

Wala tusidhani kwamba hati ikiisha kuandikwa kazi imekwisha. India na Pakistani ziliandika mapatano juu ya mto Indus mwaka 1960. Yalivumilia vita vya 1965, 1971 na 1999. Lakini Aprili 2025, baada ya mauaji ya watu huko Kashmir, India ilitangaza kuyasimamisha. Kilichovumilia miaka 64 kilisimamishwa kwa siku moja. Mapatano ni kama mfereji: yasiposafishwa kila mwaka, hujaa tope.

Neno kwa nyumba zetu

Katika kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Isaka. Watumishi wake walichimba kisima, wachungaji wa nchi ile wakagombana nao. Wakachimba cha pili, ugomvi tena. Isaka akasogea, wakachimba cha tatu, na hapo hawakugombana, hata akakiita kwa jina lenye maana ya nafasi. Wengi huishia hapo katika kusoma. Lakini habari yaendelea: mfalme wa wale wagomvi alimfuata Isaka, wakala pamoja, wakaapiana amani asubuhi, na siku ile ile watumishi wakaja kusema kwamba wamepata maji. Isaka aliweza kuhama kisima. Mataifa hayawezi kuhama mto. Kwa ajili hiyo yamebakiwa na njia moja tu, ile ya kula pamoja na kuapiana.

Na sisi katika nyumba zetu twaweza kufanya nini? Hatuendi Entebbe wala Khartoum. Lakini tuna kijito nyuma ya nyumba, tuna bomba la kijiji, tuna kamati ya maji. Anayelima mpaka ukingoni mwa mto, udongo ukashuka kwa jirani wa chini, huyo afanya kwa udogo lile tulilolilaumu kwa ukubwa. Anayekata mti wa chemchemi kwa ajili ya gunia la mkaa ameziba zamu ya mtu asiyemjua. Anayefungua mfereji usiku na awakumbuke wale wazee tuliowataja mwanzoni, walivyomhesabu mtu wa namna hiyo.

Tena wazazi wawafundishe watoto habari ya Nile bila chuki. Mtoto wa Shinyanga na mtoto wa Misri hawajapata kuonana, lakini wapo wanywao mto mmoja. Mtoto wa Shinyanga ajue kwamba ana haki ya maji yake, wala asiombe radhi kwa kunywa. Ajue pia kwamba chini yake yuko mwenzake, na kwamba maji aliyoyaacha ndiyo yatakayofika huko.